Nilikuwa Nawashikia Mashati

Mechi za Masasi na Newala nilizohudhuria ni nyingi, na matokeo yake karibu yote yamenitoka. Mashati hayajanitoka. Niulize hata leo lile la kaki lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine lilikuwa la nani, nitakutajia na mtaa. Nilikuwa muuza mitumba, na siku za mpira nilikuwa nawashikia vijana wetu mashati yao ili wakapigane.

Nieleze taratibu, maana nikisimulia habari hii kwa watu wa mbali huwa wanacheka mahali ambapo mimi sicheki, na pale ninapocheka mimi wao wananikodolea macho.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo tulivaa kitambaa kilicholetwa dukani, na kama kililetwa cha maua, basi wilaya nzima ilivaa maua. Halafu kila kitu kikawa ruksa, robota za mitumba zikaanza kushuka, na mimi niliyekuwa nimechoka kulima muhogo nikanunua nusu robota kwa ubia na shangazi yangu. Hapo ndipo nilipojua kuwa nina kipaji. Nikimwangalia mtu anavyoishika nguo najua atafika bei gani kabla yeye mwenyewe hajajua. Na kila kitu nahesabu mara mbili: ya kwanza mteja aone, ya pili nijue mwenyewe.

Siku za kawaida nilitandaza turubai langu sokoni Masasi. Soko la Newala likifika nilipanda huko juu na mzigo wangu kwa lori lolote lililokubali. Lililonifaa zaidi lilikuwa la wakala mmoja wa korosho. Hao nao walikuwa wapya. Ununuzi wa korosho ulipoachiwa watu binafsi walikuja na mizani zao na magunia yao, na kila mmoja alitaka uso wake uzoeleke vijijini kabla ya msimu. Huyu wetu alichagua mpira. Alinunua mipira, akanunua jezi, na timu ya Masasi ikienda Newala alitoa lori bure kwa washangiliaji. Yeye alikaa mbele na dereva. Alikuwa mcheshi na mkarimu, na shati lake lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuuza. Hilo hakuwahi kulivua.

Kupigana hatukufundishwa na wakala. Tulipigana tangu zamani, ila ovyo. Refa akikataa goli, mawe yalianza kuruka, na jiwe halichagui mshangiliaji. Mechi moja pale Masasi jiwe lilimpata bibi aliyekuwa anakaanga mihogo pembeni ya kiwanja, likampasua paji la uso, mafuta yakamwagika kwenye moto. Mimi turubai langu lilikanyagwa na watu wa timu zote mbili bila upendeleo. Nilihesabu nguo zangu mara mbili siku ile na mara zote mbili zilikuwa pungufu.

Ndipo wakala akakutana na mwenzake wa Newala, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, wakakaa kwenye viti vyangu, maana viti vilikuwa vyangu, wakaanza kupatana. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Kwa kuwa kuna watu lazima wapigane, wapigane wao kwa wao, na sisi wengine tuachwe. Baada ya filimbi ya mwisho, anayetaka aende nyuma ya kiwanja, kwenye mikorosho, avue shati. Asiyevua asiguswe. Idadi iwe sawa pande zote. Hakuna fimbo, hakuna jiwe. Mtu akikaa chini aachwe. Na kukiisha kumeisha, hakuna wa kwenda polisi.

Walikwama kwenye mikanda. Mwenzetu wa Newala alisema mkanda ni sehemu ya suruali. Wakala akasema mkanda ni silaha. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mimi niliyekuwa napanga kaptula nikasema bila kuulizwa: "Mkanda anaubakiza asiye na kifungo. Wengine wavue, na viatu wavue wote." Wakanitazama, wakacheka, wakakubali. Nikajiona mtu mkubwa. Nilikuwa nimemaliza mabishano ya wanaume wawili wenye pesa, na sikujiuliza nilichokuwa nauza.

Mashati yalinijia yenyewe. Shati lilikuwa mali. Kulitundika tu kwenye tawi ni kumpa mwizi. Mmoja akaniambia, "Dada, wewe si wa nguo? Nishikie." Mwingine akaleta lake. Baada ya mechi mbili ikawa ndiyo desturi: aliyekubali kupigana humkabidhi mama nguo shati lake, na shati likishafika mikononi mwangu hakuna wa kusema kesho kwamba alilazimishwa. Wanawake wenzangu sokoni walinitania. "Leo umevua wangapi?" Nami nawajibu kwamba ninyi mmevua mmoja tu na hadi leo hamjui kukunja shati lake.

Niseme na hili, kwa haki: ilifanya kazi. Mawe yaliisha. Bibi wa mihogo alirudi na karai lake. Watoto walikwenda mpirani. Nilitandaza nguo zangu kando ya kiwanja cha Newala na hakuna aliyezikanyaga. Waliopigana walirudi na midomo iliyovimba na furaha kama ya watu waliotoka harusini, na wa Newala wakija Masasi sokoni walisalimiana nao kwa matusi ya utani, wakaketi kula pamoja. Ungeniuliza siku zile kama jambo hili liruhusiwe, ningekushangaa. Ningekuuliza unataka mawe?

Ila kulikuwa na jambo la mkorosho. Mtu akiumizwa na mtu, hospitali haimgusi mpaka alete fomu ya polisi, ile PF3. Na polisi tulikubaliana hakuna wa kwenda. Kwa hiyo majeruhi wetu wote walianguka kwenye mkorosho. Aliyevunjika jino, mkorosho. Aliyeteguka bega, mkorosho. Korosho huokotwa chini, haipandiwi, hilo kila mtoto wa kwetu analijua, na waganga wa zahanati walilijua zaidi. Lakini waliandika hivyo hivyo. Siku za mpira watu wazima waliporomoka mitini wilaya nzima.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Lori lilitoka Masasi asubuhi likasimama Chiungutwa kuchukua watu. Akapanda kijana mmoja niliyemfahamu, wa miaka kama ishirini, fundi baiskeli, anaishi na mama yake. Alikuwa amevaa shati la buluu nililomuuzia mimi. Siku alipolinunua alinishusha bei mpaka nikamwuliza kama ananunua shati au ananioa. Akasema akinioa atapewa na kaptula. Nilimpenda tangu siku hiyo, kama mtu anavyompenda mteja anayejua kazi.

Lori lilipoanza kupanda, mshangiliaji mmoja aliyekuwa kama nahodha wa wapiganaji akaanza kuhesabu. Newala walikuwa wametuma habari kwamba wana kumi na wawili. Sisi tulikuwa kumi na mmoja. Akahesabu tena. Kumi na mmoja. Macho ya watu yakaanza kutembea ndani ya lori mpaka yakafika kwa kijana wa Chiungutwa.

"Fundi," nahodha akamwambia, "wewe umekuja kufanya nini?"

"Kuangalia mpira."

"Mpira si ungesikiliza redioni na mama?"

"Redio haina betri."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa chake, alikipata kwa haki. Lakini nahodha hakuondoa macho. "Basi na wa Newala tuwaambie mmoja wao apumzike, Masasi wameishiwa wanaume. Tuwaambie hivyo?"

Kijana akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Kisha akaniangalia mimi, sijui kwa nini mimi, labda kwa sababu nilikuwa mwanamke peke yangu mle ndani.

"Na mimi nimo," akasema.

Lori zima likapiga kelele. Akapigwapigwa mgongoni. Akatabasamu, na ilionekana wazi kuwa amefurahi.

Mtazamo ule naujua. Ndio unaonilisha. Mteja akija peke yake kununua koti atanisumbua mpaka jua lizame. Akija na rafiki zake, nikamvalisha, nikasema kwa sauti, "Au ni kubwa kwako? Nikupe la bei ya chini?", ataangalia kulia, ataangalia kushoto, atalipa. Hakuna aliyemlazimisha. Pesa ametoa kwa mkono wake. Ukimwuliza, atakwambia alilitaka lile koti. Nimeshauza makoti mengi namna hiyo, na nikamwona fundi akiuziwa mbele yangu, na nilichofanya ni kunyoosha mkono nipokee shati.

Mechi iliisha sare. Baadaye nyuma ya kiwanja, chini ya mikorosho mikubwa ambako wenyewe walikuwa wamekwishafagia kwa ajili ya msimu, watu wakavua. Nikahesabu mashati: kumi na mawili. Nikarudia: kumi na mawili. Nikamwambia yule wa vipuri, "Wetu wametimia," akasema, "Na wetu." Nikakaa kwenye furushi langu, nikawapa mgongo. Sikuwa na desturi ya kuangalia. Nilikuwa nakunja. Nyuma yangu ilisikika kama watu wanaotwanga bila kupokezana, na mtu mmoja akicheka, maana wengine walipigana huku wanacheka.

Kisha ikasikika sauti ya mtu aliyeshtuka tu, si ya maumivu. Nikageuka. Fundi alikuwa amekaa chini, kiganja kimefunika jicho la kushoto. Mbele yake kijana wa Newala alikuwa ameshainua mikono yote miwili juu, kuonyesha ameacha.

Nataka hili lieleweke. Hakuna aliyekiuka chochote. Kilikuwa kiwiko, na kiwiko tulikiruhusu. Alipokaa chini aliachwa hapo hapo. Yule kijana wa Newala alichuchumaa akamwambia, "Pole, mtani. Ulinijia na kichwa," naye akajibu, "Najua." Masharti yote niliyoyasikia yakipatanwa kwenye viti vyangu yalifuatwa, hata lile la mikanda.

Wenyeji walileta ndoo ya maji ya kunawa. Newala maji hununuliwa, kwa hiyo ndoo ilikuwa nusu, ya watu ishirini na wanne. Ilipofika kwa fundi maji yalikuwa mekundu. Akasema atanawa nyumbani.

Wakala akaangalia saa yake. Barabara ya kushuka hakuipenda jioni. "Mama nguo, wewe si unalala huku, una soko kesho? Mpeleke zahanati. Mkorosho," akaniambia kwa upole. Kisha akamgeukia fundi, akamshika bega. "Mwanaume," akamwambia. Lori likaondoka, wakiimba.

Zahanati ilikuwa na daktari mmoja, tabibu kwa cheo lakini sisi tulimwita daktari. Alimkalisha fundi kwenye benchi karibu na dirisha.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Umefanya nini?"

"Nimeanguka kwenye mkorosho."

"Ulipanda kutafuta nini?"

"Nilikuwa napunguza matawi."

"Kifua wazi?"

"Joto."

Daktari akaitazama mikono ya fundi iliyochubuka vifundoni. "Matawi nayo uliyapiga ngumi, naona. Wewe wa nne leo. Nitamwandikia bwana kilimo aje aone hii mikorosho." Alikuwa anacheka kidogo. Kisha akainua kope, na kicheko kikakatika. Akaangalia muda mrefu. Alipozungumza tena alizungumza polepole.

"Sikiliza. Kama ni kijiti, nasafisha, nakupa dawa ya kupaka, unalala. Kama jicho limegongwa na kitu kizito, unakwenda hospitali ya misheni leo, si kesho. Nauliza mara ya mwisho. Lilikuwa tawi?"

"Tawi," fundi akasema.

"Kiwiko," nikasema mimi. "Kiwiko cha mtu. Walikuwa wanapigana, daktari. Wamekubaliana."

Fundi hakugeuka. Aliona upande wangu vibaya tayari. Akasema tu, "Dada," taratibu, kama unavyomwita mtu anayetaka kukanyaga kitu.

"Wamekubaliana," daktari akarudia. "Hili jicho nalo lilikuwepo kwenye kikao?"

Tukaenda kituoni kutafuta fomu. Zamu ilikuwa ya askari mtu mzima. Nilimweleza yote. Akasikiliza, akaweka kalamu chini, akauliza swali moja: "Alivua shati?"

"Alivua."

"Kwa hiari yake?"

"Kwa hiari yake."

"Sasa hapa kesi iko wapi, mama? Hawa ni watani. Mimi mwenyewe mjomba wangu alipigana mechi iliyopita." Lakini fomu aliiandika, kwa sababu alikuwa na mtoto wa rika lile, alisema. Alipomwuliza fundi nani aliyempiga, fundi alijibu kwamba hakumwona, jibu ambalo kwa jicho moja lilikuwa kweli.

Jioni hiyo hiyo gari la padri mmoja aliyekuwa anarudi lilimchukua. Mimi nilibaki. Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Niliuza vizuri.

Wakati wa kurudi nilishuka Chiungutwa nikaenda kwa mama yake. Alikuwa anamenya muhogo. Nilimpa shikamoo, akaitika, akanipa kigoda. Habari alikuwa ameshazipata kwa waliopita na lori, lakini alitaka kusikia kwangu. Nikamwambia. Hakulia. Aliendelea kumenya, na maswali aliyaleta moja moja, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Nani alimlazimisha?"

"Hakuna, mama."

"Huyo aliyempiga alimvizia?"

"Hapana. Walikuwa uso kwa uso."

"Alimpiga ameshaanguka?"

"Alimwacha pale pale. Akampa pole."

Akaweka kisu chini. "Basi niambie, mwanangu, nimkasirikie nani?"

Tulikuwa tumepanga kila kitu vizuri mno, hata mama mtu hakuachiwa wa kumchukia. Nilikaa kidogo, nikaaga. Sikumwambia samahani. Nilijisemea kwamba samahani ni ya mtu aliyekosea, na sharti gani nililokuwa nimelivunja?

Lipo moja, na Masasi walinikumbusha. Nilikwenda polisi. Hakuna aliyekamatwa, askari hakuhangaika hata kupanda lori, lakini ahadi ni ahadi. Niliporudi kwenye turubai langu vijana walipita wakiangalia mbele. Nahodha alisimama mara moja, akainua suruali moja, akaigeuza. "Hii ina mifuko mingapi, mama nguo? Isije ikawa na ya kuwekea pingu." Waliokuwa karibu wakacheka. Wiki hiyo nikauzia kina mama tu. Ya pili hata kina mama walipungua, maana waume zao ndio wanaotoa hela.

Nikaenda kwa wakala, pale alipokuwa anapanga magunia yake. Nikamwambia samahani, nilipitiwa. Akasema, "Yameisha hayo, dada yangu," akanisindikiza mpaka barabarani, watu watuone. Biashara ikarudi. Ndiyo, samahani niliyokuwa nayo nilimpa huyo. Ile niliyomnyima mama wa Chiungutwa.

Fundi alirudi wiki hizo. Jicho lilikuwa limekufa. Kule misheni walimwambia lilipasuka kwa ndani pale pale lilipogongwa. Hata angefika mapema kiasi gani, lisingepona. Kwa hiyo hata kusema kwangu kiwiko hakukuokoa kitu.

Nimesikia watu wenye akili wakibishana juu ya mambo haya, kwamba watu wazima wawili wakikubali kupigana, wewe wa pembeni unaingilia nini. Si hoja ya kijinga. Mimi niliisaidia kuitengeneza, na nikilikumbuka paji la uso la yule bibi wa mihogo bado inanivuta. Ninachoweza kusema ni kile ninachokijua kwa kazi yangu. Kukubali kunatengenezwa. Kuna mikono mingi ndani yake, na siku kukileta hasara, mikono yote inarudi mfukoni, unabaki mkono mmoja tu, wa yule aliyesema ndiyo.

Lakini fundi mwenyewe hakubaliani nami, na hapo ndipo ninapokwama.

Mechi ya marudiano ilichezwa Masasi. Sikutaka kwenda, nikaenda. Turubai langu liko njia ya kiwanjani, na ukweli ni kwamba nilitaka nionekane. Wa Newala walikuja na lori lao. Baada ya filimbi watu wakaanza kuvua, na mashati yakaanza kunijia kama kawaida. Nikamwona fundi akija na baiskeli yake kupitia katikati ya watu. Jicho lilikuwa limefunikwa na kitambaa safi. Aliiegemeza baiskeli kwenye mti, akavua shati, akanisogezea.

"Sishiki," nikamwambia.

"Kwa nini la kwangu usishike? Mengine umeshika."

"La kwako sishiki."

Akalikunja mwenyewe, akalifunga kwenye kiti cha baiskeli, akaenda kusimama na wenzake. Nahodha akahesabu bila kumtazama. Kule upande wa pili yule wa vipuri akahesabu wa kwake, akamwona, akamnong'oneza mtu. Kisha wakaanza.

Safari hii niliangalia. Walipigana kushoto kwake na kulia kwake. Kila mtu wa Newala aliyekaribia alimwona, akageuka, akatafuta mwingine. Alimfuata mmoja, yule akarudi nyuma akiwa ameinua mikono, "Hapana, mtani, hapana," kwa heshima kabisa, kama anamkatalia chakula mgeni. Akamfuata mwingine. Mwingine akasema, safari hii si kwa heshima, "Sisi hatupigi vilema." Fundi akasimama. Kifua wazi, ngumi zimekunjwa, vumbi linapanda pande zote, na katikati ya watu wale wote waliokubali hapakuwa na hata mmoja wa kumgusa. Wetu waliomwimbia kwenye lori hawakumwangalia. Walikuwa na kazi.

Akazishusha ngumi. Akarudi kwenye baiskeli, akavaa, akaanza kuikokota kuelekea barabara ya Chiungutwa. Nikayaacha mashati ya watu juu ya turubai, kwa mara ya kwanza bila kuyahesabu, nikamfuata.

Tulitembea mpaka nje ya mji. Kisha akasema, "Umeniharibia, dada."

"Mimi?"

"Ungeniacha na mkorosho wangu. Mtu aliyeanguka, akapona, akarudi. Nani angejua hali ya jicho? Ningefunga kitambaa, wangesema linauma. Umesema kiwiko, ikawa fomu, ikawa padri, ikawa wilaya nzima. Sasa mimi ndiye yule aliyepofushwa. Siyo aliyepigana."

"Hukutaka kupigana. Nilikuona kwenye lori."

"Uliniona." Akasimama. "Wewe uliniona nini? Nilisema mwenyewe. Usininyang'anye na hilo."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na habari yangu yote ya wateja na makoti, na nadhani ilikuwa kweli, na nikaona kwamba nikimwambia nitakuwa nimemwacha hana hata kile alicholipia jicho. Nikamwambia samahani. Ilitoka ndogo, tena imechelewa, na yeye hakuipokea wala hakuirudisha.

Tukaendelea. Lori la mihogo likaja nyuma yetu kwa upande wake wa kushoto, hakuliona mpaka lilipofika, akaruka, baiskeli ikamponyoka. Nikaiinua, nikazunguka nikawa natembea upande ule, kati yake na barabara. Nilidhani nafanya jambo jema.

"Njoo huku," akasema baada ya hatua chache, bila hasira. "Huko sikuoni."

Nikahamia kulia, na upande wa barabara ukabaki wazi.